Mfuko Mmoja: Biashara Ndogo, Wazee na Bili za Hospitali katika Gusii



Nimekuja na hoja moja, nami nitaitaja mapema ili yote nitakayosema baadaye myapime kwayo. Serikali zetu, ile ya kitaifa na zile mbili za kaunti za Kisii na Nyamira, zina njia tatu za kuisaidia familia ya kawaida: mikopo na masoko kwa mfanyabiashara mdogo, pesa za kila mwezi kwa mzee, na bima ya afya kwa mgonjwa. Wizara ni tofauti, ofisi ni tofauti, fomu ni tofauti. Lakini nyumbani mfuko ni mmoja. Pesa iliyotengwa kununua ndizi za kuuza kesho ndiyo hiyo hiyo itakayomnunulia mama mkwe dawa ya presha leo usiku. Kwa hiyo nasema hivi: msaada mkubwa kuliko wote ambao biashara ndogo ya Gusii inaweza kupewa ni bima ya afya inayofanya kazi na pesa za wazee zinazofika kwa wakati. Tusipoyaunganisha haya matatu, mikopo ya biashara itaendelea kulipa bili za hospitali.

Tuanze na tulivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo familia nyingi haziwezi kuishi kwa jembe pekee. Ndiyo maana kila boma lina biashara. Mmoja anauza mboga za managu na chinsaga katika soko la Daraja Mbili, mwingine anakusanya ndizi za kupeleka Nairobi, mwingine ana cherehani, mwingine ana pikipiki. Kule Tabaka, wanaume huchimba na kuchonga mawe ya sabuni, na wanawake huyasugua kwa maji hadi yang'ae. Kule Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo watu huchuma majani chai na kusubiri bonasi.

Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya mwaka 2012 inamtambua mtu huyu. Biashara yenye watu wasiofika 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka ina jina na ina haki mbele ya serikali. Na hazina za kumkopesha hazijakosekana. Hazina ya Vijana ilianzishwa 2006, Hazina ya Wanawake 2007, na baadaye Hazina ya Uwezo. Tarehe 30 Novemba 2022 ikazinduliwa Hazina ya Hustler, inayomkopesha mtu kwa simu yake kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na muda wa siku 14 kulipa. Katika kila mkopo, asilimia 5 huwekwa kama akiba. Anayekopa 1,000 hupokea 950, na 50 zinamngoja mbele.

Hili ni jambo la kusifiwa. Kwa mkopo wa shilingi 500 wa siku 14, riba yake haizidi shilingi mbili. Mama aliyezoea kukopa kwa mtu wa riba ya mtaani anajua tofauti hiyo ina maana gani. Lakini tuulize swali ambalo wanaotangaza mikopo hawaulizi: je, pesa hizo zinafika sokoni?

Chukueni mwezi mmoja wa mama mboga. Amekopa, amenunua magunia mawili, biashara inatembea. Wiki ya pili mtoto anashikwa na homa usiku. Milima yetu ina mvua, na malaria hutujia kwa msimu, na miili yetu haikuizoea. Zahanati haina dawa, wanaenda duka la dawa. Homa haishuki, wanapanda bodaboda kwenda hospitali kubwa. Analazwa siku nne. Mama akirudi nyumbani mtoto mzima, tunamshukuru Mungu sote, lakini magunia yale mawili hayapo tena. Siku 14 zimepita na mkopo haujalipwa. Katika daftari la hazina ataandikwa kuwa ni mdeni mbaya. Watu watasema hajui biashara. Anaijua sana. Kilichomwangusha ni homa.

Kwa hiyo tuingie katika afya, maana hapo ndipo mtaji wetu unapopotelea.

Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, tunayoiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa iliyokuwapo tangu 1966. Sheria ya 2023 iliyoileta iliunda hazina tatu. Ya kwanza ni ya afya ya msingi: mtu aliyesajiliwa anatakiwa kuhudumiwa katika zahanati na kituo cha afya bila kutoa pesa, serikali inalipa. Ya pili ni ya bima yenyewe, kwa ajili ya hospitali kubwa, na hii ni ya waliolipa michango. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, inayoingia pale ambapo bima ya kawaida imeisha. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, mifugo na matumizi yake, kisha hupangiwa kiasi chake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Mpango huu una nia njema, na mimi siko hapa kuubomoa. Lakini una jambo moja linalomgonga mchuuzi moja kwa moja. Zamani, chini ya NHIF, asiye na mshahara alilipa shilingi 500 mwezi kwa mwezi. Sasa anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani angalau shilingi 3,600. Mwaka 2025 serikali ilileta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mtu akopeshwe mchango huo na kuulipa kidogo kidogo. Ni hatua nzuri, lakini tazameni ilivyo: mama yule yule aliye na mkopo wa biashara sasa anapewa mkopo wa pili ili awe na bima.

Na hata aliyelipa hana uhakika. Mapema 2025 hospitali nyingi za binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wenye SHA kwa sababu ya madeni, mengine yakiwa yamerithiwa kutoka NHIF. Aliyetimiza wajibu wake aliambiwa alipe pesa taslimu. Watu wakisikia hivyo mara moja, hawalipi tena mwaka unaofuata, na hakuna tangazo la redio litakalowarudisha isipokuwa huduma yenyewe.

Bima isipofanya kazi, tunarudi kwenye harambee. Harambee ni heshima yetu. Imejenga shule zetu, imesomesha madaktari wetu, imewazika wazee wetu. Lakini kama njia ya kulipia hospitali, harambee humsaidia mwenye jina. Mtoto wa mwalimu mkuu atachangiwa kwa siku mbili katika kundi la WhatsApp. Mjane asiye na ndugu mjini atachangiwa shilingi 1,500, kisha atauza ng'ombe, kisha atauza kipande cha shamba. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafungia wagonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao. Hata hivyo, familia za Kenya bado zinahangaika kuondoa maiti za wapendwa wao mochwari kwa sababu ya deni. Taifa lililoandika katika Kifungu cha 43 cha Katiba kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya halipaswi kuishi hivyo.

Ndugu zangu, sasa nawaomba tumtazame mzee.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Si kwa familia peke yake, na si kwa Serikali peke yake. Katika mpango wa Inua Jamii, mzee hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na tangu 2018 mpango huo uliwafungulia mlango wote waliofika miaka 70 wasio na pensheni. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama shilingi 66 kwa siku. Kiasi hicho hakijabadilika kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali bei ya unga, sukari na mafuta ya taa imebadilika mara nyingi. Tena pesa hizo hucheleweshwa, na mzee hupokea za miezi kadhaa kwa pamoja baada ya kukopa dukani.

Wapo wanaosema 2,000 ni kidogo mno na hazina faida. Wanakosea. Kwa bibi anayetumia dawa za presha na kisukari, pesa hizo ndizo dawa. Zikifika kwa wakati, bintiye anayeuza sokoni hagusi mtaji. Zikichelewa miezi mitatu, mtaji ndio unaomtibu. Mkitaka kujua kwa nini kibanda fulani kimefungwa, ulizeni kwanza kama mzee wa nyumba hiyo amelipwa.

Zanzibar ilitoa mfano. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefika miaka 70 alianza kulipwa Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka mfuko wa serikali, awe tajiri au maskini, awe aliajiriwa au alilima. Hakuna aliyetakiwa kuthibitisha umaskini wake. Visiwa visivyo na utajiri mkubwa viliamua kwamba uzee wenyewe unatosha.

Lipo jambo zito zaidi kuhusu wazee wetu ambalo sitalipita kimya, kwa sababu ni la hapa. Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa moto katika eneo la Gusii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Hayo si mila yetu, ni mauaji. Waliowaua ni wahalifu na sheria inawajua hivyo. Lakini tukiwa watu wa kutafakari, tuulize tuhuma hizi huanzia wapi. Mara nyingi huanzia kwenye ugonjwa ambao haukupimwa, kwenye kifo cha ghafla ambacho hakuna daktari aliyekieleza, kwenye mzee ambaye akili yake imeanza kusahau na anazungumza peke yake njiani, au kwenye kipande cha ardhi ambacho mtu anakitamani. Palipo na mhudumu wa afya anayeingia boma kila mwezi, anayejua kwamba usahaulifu wa bibi ni ugonjwa na kwamba mtoto alikufa kwa nimonia, uongo wa uchawi unakosa mahali pa kukaa. Bima ya afya na ulinzi wa wazee si mambo mawili. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Sisi tuhakikishe kwanza kwamba wazee wenyewe hawaharibiwi.

Mtu atasema: haya yote ni ya Nairobi, kaunti zitafanya nini? Jedwali la Nne la Katiba linajibu. Huduma za afya za kaunti ni kazi ya kaunti. Masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika ni kazi ya kaunti. Mambo mawili kati ya haya matatu yamo mikononi mwa serikali zilizo Kisii mjini na Nyamira mjini, si mahali pengine.

Na ipo kaunti iliyowahi kuthubutu. Makueni, chini ya mpango wa MakueniCare ulioanza 2016, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na wazee wa miaka 65 na zaidi walitibiwa bila malipo. Makueni ni kaunti kame. Haina chai, haina mvua yetu. Ilichokuwa nacho ni uamuzi.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne kwa serikali zetu mbili, na kila moja linaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya kutoka Bunge la Taifa.

La kwanza: michango ya SHA ifuate jinsi pesa zinavyoingia. Shilingi 3,600 kwa mwaka ni shilingi 10 kwa siku. Mchuuzi hawezi kutoa 3,600 siku moja, lakini anaweza kutoa 10 kila siku, kama anavyotoa ushuru wa soko na kama anavyotoa mchango wa chama. Kaunti ikubaliane na SHA na vyama vya akina mama wa Daraja Mbili, Suneka, Keroka na Nyamache, mchango huo ukusanywe kidogo kidogo, kwa hiari ya mchuuzi, na kila anapotoa apate ujumbe kwenye simu yake unaoonyesha jumla. Mkulima wa chai naye ni tofauti. Pesa zake kubwa huja wakati wa bonasi, hivyo kulipa mwaka mzima kwa mpigo kunamfaa, ikiwa kiwanda kitakata siku hiyo kwa idhini yake. Mchongaji wa Tabaka hupata pesa oda inapolipwa, naye apangiwe kupitia ushirika wake. Na huyo wa Tabaka apewe jambo jingine: barakoa, na kupimwa mapafu. Vumbi la mawe analolivuta kila siku leo ni bili ya hospitali ya kesho.

La pili: kaunti iwalipie bima wale wasioweza kabisa, ikianza na mzee anayeishi peke yake na yule anayelea wajukuu mayatima. Majina yao yanajulikana. Wanaoyajua ni wahudumu wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchini Septemba 2023. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wao ndio watu pekee wa serikali wanaoliona boma zima: mtoto anayekohoa, bibi asiyelipwa, kibanda kilichofungwa. Basi walipwe kwa wakati, na orodha zao zitumiwe pia na ofisi ya wazee na ofisi ya biashara.

La tatu: kaunti ilipe inachodaiwa. Tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana anakopa, anapeleka maziwa au vifaa vya usafi katika ofisi ya umma, kisha anangoja mwaka mmoja, miwili. Zabuni isiyolipwa humfilisi kuliko kukosa zabuni. Mdogo alipwe kwanza. Na kule Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti zote mbili, mzozo wa nani akusanye ushuru umalizwe kwa makubaliano ya maandishi, ili mfanyabiashara alipe mara moja na kupata huduma mara moja.

La nne: pesa za hospitali zibaki hospitalini. Sheria ya 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya inaziruhusu hospitali za umma kutumia mapato yao kununua dawa na kuboresha huduma. Iheshimiwe katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na katika kila kituo cha afya kijijini. Zahanati yenye dawa huokoa mtaji mwingi kuliko semina ya ujasiriamali.

Nami nina neno kwa sisi raia. Nimesikia watu wakisema hawajisajili SHA kwa sababu hawaiamini serikali. Hasira hiyo naielewa. Lakini zahanati na kituo cha afya vinalipwa na serikali kwa mujibu wa waliosajiliwa na kuhudumiwa. Wasiojisajili wanainyima zahanati ya kijiji chao pesa za dawa. Tujisajili, kisha tudai. Na tuwasajili wazee wetu, kwa kuwa wengi hawana simu wala alama za vidole zinazosomeka kwa urahisi baada ya miaka ya kuchuma chai.

Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni katika wadi zao. Mikutano hiyo hujaa wanaotaka barabara, nao wana haki. Nawaomba mwaka huu mwende pia na maswali matatu, myaulize kwa sauti na mdai jibu la maandishi: Ni familia ngapi za wadi hii kaunti italipia bima? Wahudumu wa afya na wafanyabiashara wadogo wanaoidai kaunti watalipwa lini? Dawa za presha na kisukari zitakuwapo katika zahanati yetu miezi yote 12? Mwakilishi asiyeweza kuyajibu hayo hajaisoma bajeti anayoipitisha, na bajeti isiyoyajibu isipitishwe.